Kuihama nyumba yenye X ya kijani: Mkata hadi Handeni

Nyumba ya mfano humu iko Mkata, mkoani Tanga, Tanzania, kando ya barabara kuu ya Chalinze–Segera. Ina vyumba vinne, ukumbi wa kati, baraza mbele, jiko na choo uani, mwembe mmoja mkubwa, minazi kadhaa, na makaburi matano nyuma ya ua. Kuta ni tofali za saruji, paa ni bati. Mwenye nyumba ni bibi mjane. Wanawe wamempatia nyumba ndogo Handeni mjini, kilomita 54 kwa lami, karibu na hospitali. Hataki kuhama, lakini X, alama ya kubomolewa ili kupisha barabara, imeshachorwa ukutani.

Rangi ya hiyo X ndiyo habari ya kwanza. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kuanzia katikati ya barabara. Jengo lililo ndani ya mita 22.5 hupigwa X nyekundu na halilipwi. Lililo kati ya 22.5 na 30 hupigwa X ya kijani, na mwenyewe hulipwa kwanza ndipo atoke. Tofauti ya hatua tatu inaweza kuwa tofauti ya nyumba nzima. Kwa hiyo chukueni tepu ya mita 50, watu wawili, mpime wenyewe kuanzia mstari wa katikati kabla ya kuamini rangi. Barabara ikiwa imewahi kusogezwa upande mmoja wakati wa matengenezo, ulizieni katikati ipi inatumika.

Siku zinahesabiwa hapa kuanzia fedha za fidia zinapoingia benki. Kumi na mbili zinatosha, isipokuwa kazi moja ya mwembe inayotangulia kwa wiki moja.

Siku ya kwanza

Kaeni barazani na jedwali la fidia, bibi akiwepo. Hesabu ilitakiwa kukaguliwa kabla ya kusaini. Leo inapitiwa ili kila fedha ijulikane kazi yake. Kuna thamani ya ardhi, jengo na mazao. Kuna posho ya usumbufu, ambayo ni thamani ya mali mara riba ya wastani ya amana za miezi 12 katika benki za biashara. Kuna posho ya makazi: kodi ya nyumba ya namna hiyo kwa mwezi, mara miezi 36. Na kuna posho ya usafiri, yaani gharama ya kusafirisha tani 12 kwa umbali wa kilomita 20.

Hizo kilomita 20 ndizo huwashtua watu. Handeni ni 54, hivyo 34 zilizobaki zinatoka mfukoni, na bora zijulikane leo kuliko lori likiwa limeshapakia. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, mnadai riba. Ikipita miaka miwili hamjalipwa, uthamini huo umekwisha nguvu na unafanywa upya.

Baraza halimo kwenye jedwali kama baraza. Limo kama mita za mraba za sakafu ya saruji. Bibi ataliuliza hilo, na jibu la kweli ni kwamba uthamini haukuwekwa kupima miaka arobaini ya kukaa hapo jioni. Msimwambie "si limelipwa". Anajua limelipwa.

Uamuzi wa pili wa siku hii ni juu yake mwenyewe. Watoto wengi humtanguliza mama Handeni "asije akaumia", kisha wanabomoa hayupo. Hatushauri hivyo. Mzee asiyeona nyumba ikishuka hubaki anaihesabu kuwa ipo: ataagiza kinu kilichosahaulika, atauliza nani amefagia uwanja, atataka kurudi. Awepo, apewe kazi, awe na neno katika kila kinachopakiwa na kila kinachoachwa. Ila mwenye ugonjwa wa kusahau ni jambo jingine, maana vumbi na kelele za nyundo humvuruga. Huyo aondoke siku ya kubomoa paa na arudi jioni kuaga.

Siku ya pili

Kazi ya leo ni tepu na daftari, chumbani kwa bibi. Usiku mzee hatembei kwa macho, hutembea kwa mazoea. Amka, mguu wa kushoto chini, hatua nne hadi mlangoni, mkono wa kulia ukutani, hatua kumi na moja hadi choo. Nyumba mpya ikivunja mpangilio huo, ndipo wazee wanapoanguka na kuvunjika nyonga wiki ya kwanza, na watu husema amekufa kwa huzuni.

Pimeni na mwandike: kitanda kiko upande gani wa mlango, kichwa kimeelekea wapi, kutoka kitandani hadi mlangoni sentimeta ngapi, swichi iko kimo gani toka sakafuni, mlango unafungukia ndani au nje, choo kiko kushoto au kulia. Hesabuni hatua kwa miguu yake yeye, asubuhi, akiwa na kandambili. Kisha chagueni chumba cha Handeni kinachokaribiana na mchoro huo, hata kama si kikubwa kuliko vyote. Watoto hupenda kumpa mama chumba kizuri cha mbele chenye choo ndani upande usio wake, halafu wanashangaa anatafuta mlango kwenye kabati. Choo kikibidi kubadilika upande, wekeni taa ndogo inayowaka usiku kucha na kamba au mpini wa kushika njia nzima.

Siku ya tatu

Picha. Simu moja yenye kamera nzuri inatosha, lakini mpigaji asiwe mtu wa haraka. Kila chumba kipigwe kutoka pembe zote nne, kisha kutoka mlangoni kama anavyoingia mtu, vyombo vikiwa bado mahali pake. Kosa la kawaida ni kupiga picha baada ya kufunga mizigo. Mnabaki na kuta tupu ambazo hakuna anayezitambua. Pigeni na vitu visivyopigwa picha kamwe: ufa juu ya dirisha la jikoni, mahali ukuta ulipong'aa kwa migongo ya watu barazani, bomba la maji ya mvua na pipa lake.

Halafu bibi atembee chumba kwa chumba akieleza, simu ikirekodi. Dakika kumi kila chumba. Msimuulize "unajisikiaje kuondoka". Muulizeni vitu: nani alizaliwa humu, maiti ya babu ililazwa wapi, mlango huu ulitengenezwa na fundi gani, kwa nini dirisha hili lilizibwa. Vitu vina majibu, na majibu huleta mengine. Nakala ziwe mbili, moja kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa na mtu mwingine, kwa sababu simu hupotea zaidi siku za kuhama.

Kama mwimo wa mlango una alama za vimo vya watoto, penseli au kisu na mwaka pembeni, wekeni utepe mwekundu sasa hivi ili fundi asiukate. Mwimo huo unakwenda wenyewe kama ulivyo, bila kupigwa randa wala rangi.

Siku ya nne

Mwembe mkubwa hauhamishiki, msidanganyane. Unachohamisha ni kikonyo, yaani ncha ya tawi inayobebeshwa (kuunganishwa) juu ya mche mwingine. Kazi hii ndiyo inayotangulia: siku saba hadi kumi kabla ya kukata, chagueni ncha za matawi zilizokomaa, rangi ya kijani iliyokolea, unene wa penseli, mzipukutishe majani kwa mkasi mkibakiza vijiti vya majani tu. Chipukizi la nchani litavimba. Likiwa limevimba na bado halijafunguka, ndipo linafaa.

Leo asubuhi, kabla ya jua kali, kateni vikonyo vya sentimeta 10 hadi 15. Ishirini si vingi, maana vingine vitakufa. Vifungeni kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha ndani ya mfuko wa nailoni, viwekwe kivulini. Maji yakizidi vinaoza, yakipungua vinakauka. Vibebeshwe ndani ya siku tatu au nne, kwa hiyo miche ya kubebeshea iwe imeshanunuliwa Handeni, yenye shina unene uleule. Shina linakatwa, linapasuliwa katikati sentimeta tatu hivi, kikonyo kinachongwa pande mbili kama kabari, kinaingizwa, maganda yakutane angalau upande mmoja, na kufungwa kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu. Kisu butu ndicho muuaji mkubwa. Mpeni kazi mtu wa bustani mwenye mkono huo, na kwa kuwa vikonyo havitasubiri lori la siku ya kumi, mmoja wenu avipeleke kwa basi leo hii.

Kupanda kokwa kunaleta mwembe, lakini si lazima uwe huu. Kikonyo ndicho mwembe wenyewe. Bibi ataelewa tofauti hiyo upesi kuliko wajukuu.

Minazi: nazi kavu zilizoanguka zenyewe, zinazosikika maji zikitikiswa. Yasmini na mauaridi: vipande vya sentimeta 20 kwenye udongo wa hapohapo, nusu debe. Basi.

Siku ya tano na ya sita

Makaburi. Hapa hakuna haraka, na ndipo tunapotaka ndugu wote wawepo.

Kuna sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Anayetwaa ardhi ndiye anayebeba gharama: kufukua, kusafirisha, kuzika upya, pamoja na ibada na matambiko ya kutuliza. Ndiyo, matambiko yametajwa kisheria, kwa hiyo msione haya kuyaorodhesha. Ndugu wana haki ya kuwepo, na kazi inafanywa kwa staha, bwana afya akiwapo. Mkiona kijiko (mashine ya kuchimbia) cha mkandarasi kimeegeshwa karibu na makaburi kabla ya siku yenu, nendeni serikali ya kijiji siku hiyohiyo.

Kinachoharibika mara nyingi ni hesabu. Orodha inasema makaburi matano kwa sababu matano yana saruji au mawe. La sita ni la mtoto aliyekufa siku ya saba, hakuwekewa hata jiwe, na anayejua lilipo ni bibi peke yake. Muulizeni faraghani, akiwa na binti yake. Baadhi ya kina mama hawajawahi kulitaja mbele ya watu. Likiongezwa kabla ya uthamini kuidhinishwa linaingia kwenye malipo. Likiongezwa leo huenda familia ikajilipia, lakini lifukuliwe.

Siku ya tano makaburi mapya yanachimbwa Handeni, yawe tayari usiku huo. Kwa Waislamu, kibla huku ni karibu kaskazini kabisa, na makaburi yachimbwe mashariki-magharibi ili maiti alale ubavu wa kulia ameelekea huko. Kazi isianze Mkata kabla ya kuthibitishiwa kwa simu kwamba mashimo yapo. Mabaki kulala njiani kwa sababu mchimbaji hakufika ni aibu ambayo ukoo hausahau.

Siku ya sita, alfajiri. Turubai linazungushwa kimo cha mtu, watoto wako shule, wapita njia hawaoni kitu. Kaburi moja kwa wakati mmoja, mwanzo hadi mwisho. Mkifungua mawili pamoja mtachanganya. Sepeto zinatumika hadi kina cha kama mita moja, kisha mikono na mwiko mdogo. Kaburi la miaka thelathini au arobaini kwa kawaida hutoa mifupa. Kwenye udongo mwekundu wenye asidi pengine hutoa meno na doa jeusi tu. Ikiwa ni doa, chukueni huo udongo wenyewe, debe moja, ndio yeye. Mtu asiseme "hamna kitu" kwa sauti.

Mabaki yanafungwa kwa kitambaa cheupe kipya na kulazwa kwenye sanduku la kusafirishia. Sanduku la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30 linatosha mtu mzima, kwa kuwa mfupa mrefu kuliko yote, wa paja, ni kama sentimeta 45. Jina linaandikwa pande mbili kwa kalamu isiyofutika, na karatasi nyingine ndani ya nailoni. Kaburi la miaka michache mwachieni bwana afya aamue, msiliguse wenyewe. Magari yanaondoka pamoja, mazishi ni kabla ya jua kuchwa, na bibi anakwenda kama anataka. Wengi hutaka, na hurudi Mkata usiku ule wakiwa wepesi zaidi. Wenyewe husema mzee ameshatangulia, basi na wao watamfuata.

Siku ya saba

Kufunga mizigo. Kila boksi liandikwe chumba cha Handeni linakokwenda, si chumba linakotoka. Kazi ngumu ni stoo, kwa sababu kila kopo lina mtu wake. Kanuni inayosaidia: bibi anachagua bila kuulizwa vitu vya kuhama vinavyoenea kwenye kitanda chake kimoja, vingine vinajadiliwa. Vyombo vilivyopasuka, baiskeli isiyo na magurudumu, kanzu za marehemu. Kanzu zigawiwe ndugu leo, watu wakiwa hapa.

Leo pia maliza uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ni mali ya TANESCO, shirika la umeme, na wao ndio wanaokuja kuifungua; fundi wa mtaani akiikata mnaingia kwenye deni na mashtaka.

Siku ya nane

Huu ndio usiku wa mwisho chini ya paa, usipangiwe mengi. Pikeni chakula cha majirani: ubwabwa, nyama, chai. Dua ikiwepo, fupi. Kuna familia hukaa hadi alfajiri, nyingine hulala saa tatu kwa uchovu. Zote sawa.

Siku ya tisa

Paa. Bati za nyumba hii ni kama 60 za mita tatu, geji 28, kilo nane au tisa moja. Zinatoka kinyume na zilivyowekwa. Kofia (bati za kileleni) kwanza, kisha bati iliyolala juu ya mwenzake, yaani ya mwisho kupigiliwa. Fundi akanyage kwenye mstari wa misumari, juu ya papi (mbao zinazobeba bati), kwani katikati bati kuukuu hutoboka na mtu akapita. Msumari unanyanyuliwa kwa mtarimbo ukiegemea kipande cha ubao. Ukiegemea bati yenyewe unaikunja. Kutu hukaa pale bati zinapopandana, kwa hiyo bati inayong'aa katikati inaweza kuwa imekwisha pembeni. Zichambueni papo hapo: nzima ni za jiko jipya la uani na banda la kuku, mbovu ni za chuma chakavu.

Milango ndiyo mali. Mlango wa mbele wa mninga, inchi 36 kwa 84, ukitoka na fremu yake unaweza kufungwa Handeni endapo nafasi iliachwa ya kipimo hicho kabla ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango) kumwagwa; nafasi ikishafungwa, kuupunguza mlango ni kuuharibu. Chimbueni plasta kwa tindo kuzunguka fremu, mkate vyuma vilivyochimbiwa ukutani, fremu itoke na mlango ukiwa umefungwa ndani yake ili isipinde. Bawaba, komeo na kitasa kuukuu vibaki. Kwa mtu wa miaka sabini na kitu, sauti ya komeo lile ndiyo kufika nyumbani.

Tofali msizitamani. Tofali ya inchi sita ina kilo 25 hadi 30. Tofali 400 zinaweza kufika tani 12 zote za posho, na nusu zitavunjika kwa sababu saruji ya kujengea ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Chukueni kumi au ishirini nzima, zijengwe kwenye baraza jipya.

Siku ya kumi

Lori. Bati chini kabisa, zimelala, mbao za kenchi juu yake, kisha makabati, kisha magodoro. Fremu ya mlango isimame ubavuni, imefungwa kamba tatu. Kifurushi cha usiku wa kwanza kinaingia mwisho kabisa ili kitoke kwanza: jiko la mkaa, sufuria mbili, ndoo mbili za maji, mkeka, chandarua, dawa za bibi, tochi. Kuku walikamatwa usiku wakiwa wamelala, wako kwenye tenga. Handeni watafungiwa kama wiki mbili wazoee banda. Bibi anakaa mbele na dereva.

Kama anataka kugusa kuta, mpeni muda wake kabla injini haijawashwa. Dereva akishaanza kupiga honi, ataondoka kama aliyefukuzwa. Gari lisimame mara moja njiani hata kama hakuna haja. Ni saa moja hivi tu, lakini kufika upesi mno hakumpi mtu nafasi ya kuamini ameondoka. Chumba chake kiwe kimepangwa kabla hajashuka, kwa daftari la siku ya pili mkononi.

Siku ya kumi na moja

Usiku wa kwanza mtu alale naye chumbani. Ataamka na kwenda upande usio wake; msimwongoze kwa kumshika, mwambieni "kulia, mama" na mikono ijifunze yenyewe. Kula kidogo, kunyamaza, kuita Handeni "kwenu huku" ni mambo ya wiki za mwanzo. Asipolala kabisa, akikataa chakula siku kadhaa, au akitoka kutafuta njia ya kurudi, hiyo ni ya kupeleka hospitali, na sukari na presha vipimwe kwanza kabla ya kusema ni mawazo.

Siku ya kumi na mbili

Barua ya utambulisho kutoka kijijini Mkata, ipelekwe serikali ya mtaa Handeni. Bila hiyo mambo mengi ya ofisini yatakwama. Kadi ya kliniki ihamishwe. Risiti za lori ziwekwe pamoja na jedwali la fidia, zile kilomita 34 zikiwa zimeandikwa peke yake, maana ndugu waliochangia watauliza. Na vikonyo visifunguliwe kuangaliwa. Wiki tatu kwanza, kivulini, maji asubuhi.